Kubadilisha viunganishi vya mabehewa ya abiria kwenye treni ndogo: mwongozo kwa wapenda reli wa Lubumbashi

Simama kwenye kivuko cha reli hapa mjini treni inapopita polepole, utazame pale behewa linaposhikana na behewa. Huoni mnyororo wala ndoano. Unaona ngumi ya chuma katikati, imefumbata ngumi ya behewa lililo mbele. Mfumo huu ulitoka Marekani: Eli Janney alipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1873, na mwaka 1893 sheria ya nchi ile ikayalazimisha makampuni ya reli kutumia viunganishi vinavyojifunga vyenyewe, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wanapondwa wakiingia kati ya mabehewa kufunga kwa mkono. Reli ilipotufikia Lubumbashi mwaka 1910 ilitoka kusini, kwa upana ule ule wa milimita 1067 uliopo Zambia na Afrika Kusini.

Sasa tazama treni ndogo iliyo nyumbani kwako. Nyingi zilizopo hapa ni za Ulaya, za zamani za kampuni za Lima na Jouef, zilizoachwa na watu waliorudi Ubelgiji au zilizoletwa na ndugu. Zimeshikana kwa kitanzi kikubwa cha plastiki na ndoano. Kati ya behewa na behewa panapita kidole gumba. Kitanzi kinafanya kazi, lakini treni ya abiria iliyoachana namna hiyo haifanani na treni, na ukiisukuma kinyumenyume inakimbilia kutoka relini. Ndiyo maana tunabadilisha.

Kabla hujatuma pesa kwa mtu yeyote anayesafiri, shika mambo mawili. Kona za reli yako ndizo zinazoamua kiunganishi kikae wapi. Kimo chake juu ya reli ndicho kinachoamua kama kitashika. Mengine yote katika mwongozo huu yanafuata nyuma ya hayo mawili.

Kupima kona

Ninaongelea kipimo cha 1:87, yaani HO, ambapo kila kitu kimepunguzwa mara 87 na reli ina upana wa milimita 16.5. Behewa halisi la mita 26.4 kwa kipimo hiki linakuwa na urefu wa milimita 303. Watengenezaji wengi wa zamani walilifupisha hadi karibu milimita 264 ili lipite kwenye kona za watoto. Chukua rula, pima la kwako.

Kisha pima nusu kipenyo cha kona yako iliyo kali kuliko zote, kutoka kitovu cha duara hadi katikati ya reli. Reli za maboksi ya kuanzia za Ulaya mara nyingi zina karibu milimita 360. Kanuni ya wazoefu ni hii: kona ikiwa mara tatu ya urefu wa behewa, kila kitu kitapita bila shida, ikiwa mara mbili na nusu, vingi vitapita. Kwa behewa la milimita 300, hiyo ni milimita 900 au 750.

Ukiwa na kona pana, ondoa kiunganishi kwenye bogi, ile fremu ndogo ya magurudumu inayogeuka chini ya behewa, ukifunge kwenye sakafu ya behewa lenyewe. Huu ndio uwekaji bora kwa treni ya abiria. Nguvu ya kuvuta na kusukuma inapita katika mwili wa behewa, na bogi linabaki na kazi moja tu, kufuata reli. Kiunganishi kikikaa kwenye bogi, kila unaposukuma nyuma unalipinda bogi upande, na ukingo wa gurudumu unapanda juu ya reli.

Ukiwa na kona ya milimita 360 na mabehewa marefu, usikifunge kwenye sakafu. Ncha ya behewa inatoka nje sana kwenye kona, na kiunganishi kitalivuta behewa la jirani hadi lianguke. Hapo acha kiunganishi kipya kwenye bogi, ukubali kwamba treni hiyo itavutwa zaidi kuliko kusukumwa. Najua wapo wanaotaka kulazimisha. Mimi nasema panua kona kwanza, hata kama ni kwa kuhamisha meza.

Tazama pia pale kona ya kushoto inapofuatwa mara moja na kona ya kulia. Ncha za mabehewa mawili yanayofuatana zinakwenda pande tofauti kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mengi yanapoanguka. Weka kati ya kona hizo kipande cha reli iliyonyooka chenye urefu usiopungua behewa moja.

Vitu vya kutafuta

Kiunganishi cha ngumi kinachotumika zaidi ni cha kampuni ya Kadee ya Marekani. Namba 148 kina shingo ya kati, karibu milimita 7. Namba 146 kina shingo ndefu, karibu milimita 10. Vyote viwili ni vya chuma, na vina springi mbili nyembamba ubavuni kama masharubu, zinazokirudisha katikati. Kwa mabehewa ya abiria mimi huanza na 146, kwa sababu shingo ndefu inalipa behewa nafasi ya kugeuka. Mabehewa yanayokaribiana vizuri kwenye kona pana, tumia 148.

Kama behewa lako ni la Ulaya la miaka ya karibuni, angalia kama kitanzi kimechomekwa ndani ya kifuko kidogo cha mraba. Hicho ni kifuko cha kipimo cha NEM 362, moja ya viwango vya treni ndogo vya Ulaya. Una bahati: vuta kitanzi kwa koleo dogo, chomeka Kadee namba 17, 18, 19 au 20, kazi imekwisha bila kutoboa. Namba inavyopanda ndivyo kiunganishi kinavyokuwa kirefu. Anza na 18, ujaribu kwenye kona. Ncha za mabehewa zikigusana, nenda 19.

Kitu cha tatu, na wengi hukiruka, ni kipimo cha kimo, Kadee namba 205. Ni kidude kidogo cha chuma kinachokaa juu ya reli kikiwa na kiunganishi kilichofungwa kwenye kimo sahihi. Ukiwa na pesa ya pakiti moja ya viunganishi na kipimo hicho, nunua vyote viwili, uache pakiti ya pili isubiri.

Vipo viunganishi vya plastiki vya makampuni mengine vinavyoshikana na hivi. Kwa behewa moja la mizigo ni sawa. Kwa treni ndefu ya abiria, chukua chuma, maana plastiki inapinda uzito ukiongezeka.

Vifaa vingine vyote vipo hapa mjini. Bisibisi ndogo, kibano na kioo cha kukuza utavipata kwa mafundi wa simu wa soko la mtaa wa Kenya. Skrubu zinazofaa ni za milimita 2, zile za M2, na zimejaa ndani ya kompyuta mpakato mbovu. Mwombe fundi akuuzie kiganja kimoja. Utahitaji ncha ya keekee ya milimita 1.6, keekee ya kuzungusha kwa vidole, tupa ndogo, wembe na supaglu. Na uweke akiba ya zile kadi za plastiki ambazo laini za simu huja zimebanwa ndani yake. Unene wake ni milimita 0.76, nazo zitatusaidia mara kadhaa.

Magurudumu na uzito kwanza

Behewa jepesi litaanguka hata ukilifunga kiunganishi cha dhahabu. Wapenda treni ndogo wa Marekani wana kipimo chao cha uzito: gramu 28 za kuanzia, halafu gramu 14 kwa kila milimita 25 za urefu. Behewa la milimita 300 linahitaji karibu gramu 195, la milimita 264 karibu 175. Mabehewa mengi ya zamani yapo chini sana ya hapo. Lipime kwenye mizani ya jikoni, uongeze nati na washa, ukizigundisha chini kabisa sakafuni, sawasawa pande zote mbili. Vile vipande vya risasi vya kusawazisha matairi ni vizito vizuri, ila risasi ni sumu: usivikate kwa tupa ndani ya nyumba, nawa mikono, na usiviache watoto wanapofika.

Zungusha kila gurudumu kwa kidole. Likisita, safisha nywele na vumbi kwenye ncha za ekseli. Hapo ndipo uendelee.

Kutoa cha zamani

Geuza behewa juu ya kitambaa laini. Kwenye mabehewa mengi ya zamani, kitanzi kimeshikwa na ulimi wa plastiki unaotoka kwenye bogi. Usikate kitu bado. Toa bogi moja tu, ama kwa skrubu ama kwa kulivuta taratibu, ukaweke vipande vyote kwenye kifuniko cha chupa.

Kama umeamua kufunga kwenye sakafu, ulimi ule lazima uondoke, maana utagongana na kisanduku cha kiunganishi kipya. Ukate kwa msumeno mwembamba karibu na fremu ya bogi, ulainishe kwa tupa. Kama kiunganishi kinabaki kwenye bogi, kata ncha tu, uache ulimi mrefu wa kutosha kubeba kisanduku.

Kutafuta mahali na kutoboa

Kiunganishi cha Kadee kinakaa ndani ya kisanduku kidogo chenye kifuniko. Usitoboe bado. Funga kisanduku chini ya sakafu kwa utepe wenye gundi pande zote mbili, mdomo wake ukiwa sawa na ncha ya behewa. Rudisha bogi, weka behewa relini, fanya vivyo hivyo kwa behewa la pili, uyakutanishe kwa mkono.

Angalia vitu vitatu. Je, gurudumu la bogi linagusa kisanduku linapogeuka? Je, vikunjo vya kupitia abiria, kama behewa linavyo, vinabanana kwenye reli iliyonyooka? Je, kwenye kona yako kali kuliko zote, pembe za mabehewa zinagusana? Sogeza kisanduku ndani au nje, nusu milimita kwa mara moja, mpaka majibu yote matatu yawe hapana. Hii ni kazi ya jioni nzima, na inastahili jioni hiyo, kwa sababu tundu likishatobolewa halirudi nyuma.

Mahali pakipatikana, chora alama kupitia tundu la katikati la kisanduku kwa ncha ya sindano. Toa kisanduku. Toboa kwa ncha ya milimita 1.6, ukizungusha kwa vidole, wima, bila haraka. Mashine ya umeme inayeyusha plastiki. Ingiza skrubu ya M2 peke yake mara moja, uigeuze nusu mzunguko mbele na robo nyuma. Itajikatia hesi yake ndani ya plastiki. Itoe.

Sasa kiunganishi chenyewe. Kishike kwa kibano chini ya mwanga wa dirisha. Kama kuna ukingo mdogo wa chuma uliobaki kwenye shingo tangu kilipomiminwa, upitishe tupa mara mbili tatu. Nyunyiza unga wa grafiti kidogo ndani ya kisanduku. Kama huna, sugua kiini cheusi cha penseli laini juu ya tupa uchukue unga wake. Usitie mafuta. Vumbi letu jekundu la kuanzia Mei hadi Septemba linanaswa na mafuta, na baada ya muda kiunganishi kinakuwa kizito.

Weka kiunganishi ndani, ule waya uliopinda ukielekea chini kwenye reli, funga kifuniko, kaza skrubu. Halafu sukuma kichwa cha kiunganishi upande kwa kijiti cha meno, ukiachie. Lazima kirudi katikati chenyewe, haraka, pande zote mbili. Kisiporudi, mara nyingi umekaza skrubu kupita kiasi na kisanduku kinaibana shingo. Legeza robo mzunguko, jaribu tena. Skrubu ikitoka ndefu upande wa ndani ya behewa, ikate kwa koleo kabla ya kurudisha viti na madirisha.

Kimo

Katikati ya kiunganishi inatakiwa kuwa karibu milimita 9.9 juu ya reli. Weka kipimo namba 205 kwenye reli iliyonyooka na tambarare, sogeza behewa, utazame kwa jicho lililo usawa wa meza. Ngumi mbili zilingane juu na chini. Zikipishana kidogo, treni itashikana vizuri mezani, halafu itaachana pale reli inapopanda au pale maungio mawili ya reli hayako sawa. Mtu atalaumu reli, atalaumu injini, kumbe tatizo ni nusu milimita.

Kiunganishi kikiwa chini, inua behewa: weka washa nyembamba ya milimita 0.25 au 0.4 pale bogi linapokaa kwenye sakafu. Inua pande zote mbili sawa, la sivyo behewa litakaa limeinama. Kikiwa juu, weka kipande cha ile kadi ya laini ya simu kati ya kisanduku na sakafu. Kitashuka kwa milimita 0.76. Kikihitaji kushuka kidogo kuliko hapo, sugua kadi hiyo juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo. Wapo wanaopinda shingo ya kiunganishi kwa koleo ili kurekebisha kimo. Usifanye hivyo. Shingo iliyopinda inakwama ndani ya kisanduku, na ngumi inaangalia juu au chini badala ya mbele.

Huna kipimo cha dukani? Tengeneza. Gundisha vipande vya kadi ya simu mpaka upate kitofali cha kukaa juu ya reli mbili, funga juu yake kiunganishi kimoja, upime hadi katikati yake iwe milimita 9.9, na kitofali hicho kisiguswe na kazi nyingine yoyote. Mabehewa yote, na injini pia, yapimwe kwa kitofali kimoja.

Waya ule unaoning'inia chini ni wa kufungulia kwa sumaku iliyozikwa kati ya reli. Waya huo usigusane na reli wala mbao; uache nafasi iliyo chini ya milimita 1. Ukiwa chini mno utanasa pale njia inapogawanyika na kulinyanyua behewa. Kama hutumii sumaku, ukate kabisa. Kwa mabehewa ya abiria yanayokaa pamoja siku zote, mimi nashauri ukatwe. Na ukitaka kutumia sumaku, pitisha sumaku ya spika ya redio chini ya magurudumu kwanza: ekseli za chuma kinachovutwa zitalifanya behewa litikisike na kusogea lenyewe juu ya sumaku ya relini.

Mabehewa yenye taa

Viunganishi vya chuma vinapitisha umeme. Kwenye behewa la plastiki hakuna tatizo. Lakini behewa lenye fremu ya chuma linalochota umeme kutoka relini linaweza kupiga shoti na jirani yake kupitia viunganishi. Kwa mabehewa hayo tumia skrubu ya plastiki, na uweke kipande cha kadi kati ya kisanduku na fremu. Pima kwa mita ya umeme kabla ya kuwasha: kati ya kiunganishi na kila gurudumu kusiwe na njia ya umeme.

Kujaribu

Vuta kwanza, mabehewa mawili, polepole, mzunguko mzima. Kisha sukuma. Kisha ongeza behewa moja moja. Behewa likianguka, liweke alama kwa chaki pale lilipoangukia. Likianguka mahali pale pale kila mara, kosa ni la reli. Likianguka popote lakini ni behewa lile lile, kosa ni la behewa: rudi kwenye uzito, magurudumu, kisha kimo, kwa utaratibu huo.

Wapo watakaouliza mbona njia zetu ni za milimita 1067 na HO ni ya reli pana za Ulaya. Ni kweli. Ukigawanya 1067 kwa 64 unapata 16.7, karibu sawa na reli ya HO. Ndiyo maana wapo wapenda treni ndogo wa Afrika Kusini na New Zealand wanaojenga mabehewa kwa kipimo cha 1:64 juu ya reli hizi hizi. Anayetaka behewa la kwetu la kwenda Likasi, Tenke na Kamina, njia hiyo ipo, na hatua za hapa ni zile zile, isipokuwa kimo kinabadilika.

Ukiwa na viunganishi vichache

Pakiti zinachukua muda kufika, kwa hiyo usibadilishe nusu nusu bila mpango. Mabehewa manne yanahitaji viunganishi vinane, lakini yakiwa hayaachani kamwe, unahitaji viwili tu, vya ncha za mwisho. Kati yao weka vipande vya kuunganisha ulivyokata mwenyewe: gundisha kadi mbili za simu pamoja, kata ukanda wa upana wa milimita 5, toboa tundu kila mwisho, kubwa kidogo kuliko skrubu ili lizunguke bila kukwama. Anza na ukanda mrefu, upunguze mpaka mabehewa yakaribiane bila kugusana kwenye kona yako kali.

Na kama injini yako bado ina kitanzi, chagua behewa moja, lile la mizigo ya abiria kama unalo. Upande mmoja liachie kitanzi cha zamani, upande wa pili lifunge ngumi, ulikokote daima nyuma ya injini mpaka zamu ya injini ifike.